67 au 73? Mzozo wa Kasi ya Kutanuka kwa Ulimwengu

Kuna nyota inaitwa Delta Cephei. Haihitaji darubini, macho matupu yanatosha kwa anayejua mahali pake katika anga la kaskazini. Ukiitazama usiku baada ya usiku utaona inang'aa, inafifia taratibu, kisha inapanda tena kwa haraka, na mzunguko mzima huchukua siku 5 na karibu saa 9. Aliyeligundua hilo, mwaka 1784, ni John Goodricke, kijana wa Kiingereza aliyekuwa kiziwi tangu utotoni. Alikuwa na miaka 20. Miaka miwili baadaye alifariki, bila kujua kwamba kule kupanda na kushuka kwa mwanga wa nyota yake kungekuja kuwa futi kamba ya kupimia ulimwengu mzima.

Ninaanza na nyota hii kwa sababu mzozo unaowaumiza vichwa wanakosmolojia wa leo kuliko karibu mwingine wowote umesimama juu ya nyota za aina yake. Ulimwengu unatanuka, hilo halibishaniwi tena. Lakini njia mbili bora tulizonazo za kupima kasi ya kutanuka huko zinatoa majibu mawili. Moja inasema 67, nyingine inasema 73. Kipimo ni kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki: yaani kwa kila miaka ya nuru milioni 3.26 unayokwenda mbele zaidi, galaksi unazozikuta huko zinatuacha kwa kasi iliyoongezeka kilomita 67, au 73, kwa sekunde. Tofauti yenyewe haifiki hata asilimia 10. Mtu anaweza kuuliza kama kwa vitu vilivyo mbali kiasi hicho hatujakaribiana vya kutosha. Hatujakaribiana, kwa sababu kila upande umeonyesha, kwa hesabu zilizo wazi, kwamba kosa lake halizidi asilimia moja na nusu. Haiwezekani wote wawili wawe sahihi na pia wawe wameuelewa ulimwengu sawasawa.

Niseme mapema ninaposimama. Kadiri ninavyozidi kusoma mabishano haya ndivyo ninavyoiogopa namba ya tatu, 70, kuliko zile mbili zinazogombana. Kuna hamu kubwa ya kugawana tofauti ili mambo yaishe. Suluhu ya katikati huwafaa watu waliogombana, lakini haina uzito wowote pale tunapotafuta kasi ya kitu ambacho kina kasi moja tu.

Tuchukue kwanza upande wa 73, kwa kuwa ndio wenye historia ndefu.

Baada ya Goodricke ilibidi kungoja zaidi ya miaka mia moja mpaka mtu atambue thamani ya nyota hizo, ambazo sasa huitwa sefeidi. Mtu huyo ni Henrietta Leavitt, aliyefanya kazi katika kituo cha kuangalia anga cha Chuo cha Harvard, Marekani, akipitia picha za anga zilizopigwa kwenye sahani za kioo na kulinganisha nukta moja moja. Naye, kama Goodricke, alikuwa na uziwi. Mwaka 1912 matokeo yake yalichapishwa, yakiwa na sefeidi 25 za Wingu Dogo la Magellan, na mpangilio wake unapendeza hata leo ukiuona kwenye grafu: nyota inayochukua siku nyingi zaidi kukamilisha mzunguko wake ndiyo yenye mwanga mwingi zaidi. Kwa kuwa zote zimo ndani ya wingu moja, umbali wao kutoka kwetu ni karibu sawa, hivyo inayoonekana angavu zaidi ni angavu kweli. Maana yake ni kubwa. Ukihesabu siku za mzunguko wa sefeidi, unajua ina mwanga kiasi gani. Ukilinganisha na mwanga hafifu unaokufikia, unajua iko mbali kiasi gani, sawa na mtu anayejua wati za taa anavyoweza kukadiria umbali wake gizani.

Kutoka hapo inajengwa kile wanaastronomia wanachokiita ngazi ya umbali. Kwenye kipago cha chini kuna vipimo vya jiometri tupu: nyota za karibu zinazoonekana kusogea kidogo dunia inapolizunguka jua, zilizopimwa na chombo cha Gaia, nyota pacha zinazokingamana, yaani kila moja huiziba nyenzake kwa zamu, katika Wingu Kubwa la Magellan, na mawingu ya maji yanayozunguka kitovu cha galaksi ya NGC 4258 na kutoa mawimbi ya redio. Hivyo ndivyo vinavyotuambia sefeidi ina mwanga kiasi gani hasa. Kipago cha pili ni sefeidi zilizo katika galaksi ambazo pia zimewahi kuwa na mlipuko wa supanova ya aina ya Ia, yaani nyota inayolipuka kwa mwanga wa kiasi karibu kilekile kila mara. Kipago cha tatu ni supanova za aina hiyo zilizo mbali sana, ambako sefeidi hazionekani tena. Kikundi cha SH0ES kinachoongozwa na Adam Riess kilichapisha mwaka 2022 ngazi iliyojengwa kwa supanova 42 katika galaksi 37. Jibu lao ni 73.04, na kiasi cha shaka ni 1.04.

Udhaifu wa ngazi unajulikana na kila aliyewahi kuipanda: kipago cha chini kikilegea, vya juu vyote vinalegea nacho. Na ngazi hii imewahi kulegea vibaya. Mwaka 1929 Edwin Hubble alipoonyesha kwamba galaksi zinatuacha, alipata kasi ya karibu 500. Kwa kasi hiyo ulimwengu ungekuwa na umri wa miaka bilioni 2 hivi, pungufu ya umri wa dunia iliyomo ndani yake. Ilichukua hadi mwaka 1952 kwa Walter Baade kueleza kwamba kuna aina mbili za nyota hizo, zilizokuwa zikichanganywa. Kwa marekebisho hayo umbali wa galaksi uliongezeka karibu mara mbili. Hapakuwa na uzembe wowote. Watu makini walipima kwa makini kitu ambacho hawakujua ni vitu viwili.

Kwa hiyo anayesema 73 ina kosa lililojificha hasemi upuuzi. Tena kwa miaka mingi alikuwa na mtuhumiwa mzuri sana, na ningependa tumtazame kwa karibu, kwa sababu hapa ndipo mzozo huu unapoacha kuwa wa namba na kuwa wa kitu unachoweza kukiona.

Chukua sefeidi moja katika galaksi iliyo umbali wa makumi ya mamilioni ya miaka ya nuru. Katika picha ya darubini ya Hubble nyota hiyo ni doa dogo lililoenea kwenye pikseli chache, na pikseli hizo hizo zimemeza pia nuru ya majirani zake, nyota ambazo haziko karibu nayo kweli bali ziko tu kwenye mstari mmoja wa kutazama. Mpimaji hana budi kukadiria mwanga wa majirani na kuutoa. Sasa tuseme ametoa pungufu. Sefeidi itaonekana angavu kuliko ilivyo. Ikionekana angavu zaidi, ataiweka karibu kuliko ilipo. Galaksi ikiwekwa karibu mno, kasi ya kutanuka itatoka kubwa mno. Kila hatua inasukuma upande mmoja, na upande huo ni wa 73. Na msongamano wa nyota unazidi kadiri galaksi inavyokuwa mbali, kwa hiyo kosa lingekua taratibu pamoja na umbali bila kushtua mtu.

Kisha ikaja darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021. Kioo chake ni cha mita 6.5 wakati cha Hubble ni cha mita 2.4, na inatazama kwa mwanga wa infraredi, ambako vumbi halizibi sana. Doa lile lile ambalo kwa Hubble lilikuwa limevuka mipaka na kuingia kwa majirani, kwa Webb limesimama peke yake. Kikundi cha Riess kilipima upya zaidi ya sefeidi 1,000 na kutoa matokeo mwaka 2024: umbali ni ule ule. Mtawanyiko wa vipimo ulipungua sana, jambo linalothibitisha kwamba msongamano ulikuwa unatia ukungu kweli, lakini wastani haukusogea. Hubble ilikuwa imepima vizuri. Mtuhumiwa yule aliachiliwa huru, na nakiri kwamba siku niliposoma matokeo hayo niliacha kuiona 73 kama kosa linalosubiri kufichuliwa.

Sasa twende kwa 67, ambayo njia yake ni nyingine kabisa.

Miaka 380,000 baada ya kuanza kutanuka, ulimwengu ulipoa vya kutosha kwa atomu kuundwa, na mwanga uliokuwa umenaswa kwenye ukungu wa moto ukaachiwa. Mwanga huo bado unatufikia kutoka kila upande wa anga, umepoa hadi digrii 2.7 hivi juu ya sifuri halisi. Arno Penzias na Robert Wilson waliunasa kwa antena ya redio mwaka 1964. Chombo cha Planck, kilichofanya kazi kati ya 2009 na 2013, kilichora ramani yake kwa undani wa ajabu. Ramani ina madoadoa ya joto na baridi yanayotofautiana kwa sehemu moja katika laki moja tu. Madoadoa hayo ni alama za mawimbi ya sauti yaliyokuwa yakivuma ndani ya moto ule kabla mwanga haujaachiwa, na yale yanayojitokeza zaidi yana upana wa karibu digrii moja angani, kama mara mbili ya upana wa mwezi mpevu.

Fizikia ya mawimbi yale inaeleweka vizuri. Inatuambia wimbi lingeweza kusafiri umbali gani kabla ya mambo kuganda. Ukijua ukubwa halisi wa doa, na ukapima linaonekana na upana gani angani, unapata umbali wake, na kutoka hapo historia yote ya kutanuka hadi leo. Jibu la Planck, lililochapishwa mwaka 2018, ni 67.4, na shaka ni 0.5 tu. Darubini nyingine iliyojengwa katika jangwa la Atacama nchini Chile ilitoa ramani yake mwaka 2025, na jibu lake likakaa pale pale, karibu na 68. Ile ya Ncha ya Kusini pia.

Lakini hapa kuna jambo ambalo taarifa nyingi hulipita haraka. 67 haikupimwa moja kwa moja. Imekokotolewa. Mfano wa nahodha utasaidia: anajua bandari aliyotoka, anajua kasi ya chombo na upande anaoelekea, na bila kuona nchi kavu anakuambia sasa hivi tuko hapa. Hesabu yake inaweza kuwa safi hadi tarakimu ya mwisho, ilimradi hakuna mkondo unaomsukuma chini kwa chini asioujua. Planck ilipima ulimwengu ulivyokuwa, kisha kwa kutumia modeli ikaeleza ulivyo leo. Modeli hiyo inasema asilimia 5 hivi ya ulimwengu ni maada tunayoijua, asilimia 27 ni maada ya giza, na asilimia 68 ni nishati ya giza. Zaidi ya tisa ya kumi ya vitu vilivyomo kwenye hesabu tunavijua kwa athari zake tu; hatujui ni nini. Nahodha huyu anasafiri bahari ambayo sehemu kubwa ya maji yake bado haijachunguzwa.

Wanaotetea 67 wana jibu, na ni jibu zito. Modeli hiyo hiyo yenye vitu vya giza inaeleza umbo lote la madoadoa kwa namba sita tu, inaeleza kiasi cha heliamu ulimwenguni, na inaeleza jinsi galaksi zilivyosambaa. Modeli inayopatia mambo mengi kiasi hicho haitupwi kwa sababu ya ngazi moja ya sefeidi. Wanakumbusha pia kisa cha mwaka 2011, pale nyutrino, chembe ndogo mno, zilizotumwa kutoka maabara ya CERN hadi ile ya Gran Sasso, Italia, mwendo wa kilomita 730, zilipoonekana kufika nanosekunde 60 mapema kuliko mwanga. Makaratasi ya nadharia yalimiminika. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba waya mmoja wa nyuzi za kioo haukuwa umechomekwa vizuri.

Nakubaliana na tahadhari hiyo, lakini kisa chenyewe hakifanani na chetu. Nyutrino zile zilipimwa na jaribio moja lenye waya mmoja mbovu. Kasi ya kutanuka imepimwa na vikundi tofauti, kwa nyota tofauti, kwa darubini tofauti. Mradi uliotumia mawingu ya maji katika galaksi za mbali, usiogusa sefeidi wala supanova hata moja, ulipata 73.9 mwaka 2020, ingawa kwa shaka ya 3. Na makosa yakiwa mengi na yasiyohusiana, tungetarajia yatawanyike: mengine juu ya 67, mengine chini. Badala yake, vipimo vya ulimwengu wa karibu karibu vyote vinaangukia juu yake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hoja kubwa kuliko zote za upande wa 73, kubwa hata kuliko zile sigma tano zinazotajwa kila mara, ambazo zinasema uwezekano wa tofauti hii kuwa bahati tu ni chini ya moja kwa milioni. Sigma hulinda dhidi ya bahati mbaya. Hazilindi dhidi ya kosa la aina ya Baade.

Basi kama wote wamepima sawasawa, ni mkondo gani nahodha hakuuhesabu?

Pendekezo lililojadiliwa sana ni kwamba kulikuwa na nishati ya giza nyingine, iliyotokea mapema kabla mwanga haujaachiwa, ikaharakisha kutanuka kwa kitambo kifupi, kisha ikatoweka. Ingekuwa hivyo, mawimbi ya sauti yangekuwa na muda mfupi zaidi wa kusafiri, madoa yangekuwa madogo kuliko tunavyodhani, na jibu la Planck lingepanda kuelekea 73. Kwenye karatasi inapendeza. Ugumu ni kwamba nishati hiyo ingepaswa kuja kwa wakati unaofaa, kwa kiasi kinachofaa, na kuondoka bila kuharibu kitu kingine. Na ukiirekebisha vizuri upande huu, galaksi zinatoka zimejikusanya zaidi ya zinavyoonekana upande ule. Ramani ya Atacama iliitafuta na haikuona haja yake. Sioni kama imekufa, ila haijajitetea vizuri.

Halafu kuna habari za DESI, chombo chenye nyuzi 5,000 kilichofungwa kwenye darubini ya mita 4 huko Kitt Peak, Arizona, ambacho kinapima galaksi kwa mamilioni. Machi 2025 kikundi chake kilitoa matokeo ya karibu milioni 15 za galaksi na kwaza (vitovu vya galaksi vinavyong'aa kupita kiasi), na dokezo lake ni kwamba nishati ya giza huenda si kitu kisichobadilika kama tulivyodhani tangu 1998, bali inadhoofika kadiri muda unavyokwenda. Uzito wa dokezo hilo uko kati ya sigma 2.8 na 4.2, kutegemea ni supanova za nani umezichanganya kwenye hesabu. Wengi walipokea habari hiyo wakidhani sasa mzozo umepata dawa. Haukupata. Nishati ya giza inayobadilika kwa namna hiyo haiondoi pengo kati ya 67 na 73, na katika baadhi ya hesabu inalipanua. Ikiwa DESI wako sahihi, modeli ina ufa, lakini si ufa huu. Nadhani ni habari kubwa kuliko ilivyoeleweka, na ingestahili makala yake yenyewe.

Nimeshasema kwamba naiogopa 70. Ni haki niwape nafasi wanaoifikia, hasa kwa kuwa anayewaongoza ni mmoja wa wapimaji makini wa fani hii. Wendy Freedman ndiye aliyeongoza mradi wa darubini ya Hubble uliotoa 72 mwaka 2001, na shaka ya 8, baada ya miaka mingi ya vita kati ya Allan Sandage aliyeng'ang'ania karibu 50 na Gérard de Vaucouleurs aliyeng'ang'ania karibu 100. Hapo ukweli uliangukia katikati kweli, na wapenda katikati hukumbusha jambo hilo mara kwa mara. Lakini 72 haikupatikana kwa kujumlisha 50 na 100 na kugawa kwa mbili. Ilipatikana kwa kutazama sefeidi upya kwa darubini iliyo juu ya angahewa.

Siku hizi Freedman anatumia Webb kupima galaksi zile zile kwa aina tatu za nyota. Mbali na sefeidi, anatumia majitu mekundu: nyota nzee zinazovimba na kuongezeka mwanga hadi kufikia kikomo kilekile, kwani hapo heliamu iliyo ndani yake huwaka ghafla na nyota kufifia. Aina ya tatu ni nyota zenye kaboni nyingi. Kikundi chake kiliyafunga macho yake kwa makusudi, kikaficha jibu la mwisho mpaka hesabu zote zikamilike. Mwaka 2024 majibu yalitoka: karibu 72 kwa sefeidi, karibu 70 kwa majitu mekundu, karibu 68 kwa nyota za kaboni. Kwake yeye, hiyo inaonyesha kwamba sefeidi zina tatizo dogo ambalo bado hatujalishika, na kwamba hakuna sababu ya kuitafuta fizikia mpya.

Kikundi cha Riess kilijibu kwamba galaksi alizotumia ni chache, karibu kumi, na kwamba kwa bahati zimeangukia zile ambazo supanova zake zinatoa kasi ndogo. Ukichukua galaksi zote zilizopimwa na Webb hadi wakati huo, jibu linarudi kwenye 72.6. Nimeyasoma majibizano hayo mara kadhaa, na kila ninapoyarudia naona kitu kilekile: kwa galaksi moja moja, umbali unaotolewa na pande mbili unakubaliana. Wanachobishania ni galaksi zipi ziingie kwenye kapu. Hilo haliwezi kutatuliwa kwa hoja. Linatatuliwa kwa galaksi nyingi zaidi. Ndiyo maana siwezi kuikubali 70 kama hukumu. Kwa sasa ni jibu la kapu dogo.

Wanahistoria wa sayansi wana kisa kimoja ambacho pande zote mbili hukipenda. Katika karne ya 19 sayari ya Uranus haikufuata njia iliyotabiriwa. Urbain Le Verrier akakokotoa kwamba kuna sayari isiyojulikana inayoivuta, na tarehe 23 Septemba 1846 Johann Galle akaiona Neptuni, chini ya digrii moja kutoka mahali palipotajwa. Baadaye ikaonekana kwamba Utaridi nayo inapotoka kidogo, sekunde za tao 43 kwa karne. Le Verrier huyo huyo akatumia mbinu ile ile, akatabiri sayari nyingine karibu na jua, ikapewa jina la Vulcan, ikatafutwa kwa miaka. Haikuwepo. Kilichokosekana hakikuwa sayari bali nadharia, nayo ilikuja na Einstein mwaka 1915. Mtu yule yule, hoja ile ile, majibu mawili yanayopingana. Anayekuambia leo kwamba historia iko upande wake amesoma nusu ya kisa.

Kwa hiyo macho yangu yako kwenye njia ambazo hazikopi chochote kutoka kwenye ngazi wala kwenye ramani ya Planck. Mojawapo ni lenzi za uvutano: galaksi nzito inapopinda mwanga wa kwaza iliyo nyuma yake, tunaona picha kadhaa za kwaza ile ile, na kumeta kwake hufika kwetu kwa nyakati tofauti. Tofauti ya siku hizo inatoa umbali. Lenzi sita zilitoa 73.3 mwaka 2019, na watu wa 73 wakafurahi. Mwaka uliofuata wapimaji wenyewe walilegeza dhana yao kuhusu jinsi uzito ulivyosambaa ndani ya galaksi, wakaongeza taarifa za lenzi nyingine, na jibu likashuka hadi 67.4, huku shaka ikipanuka kiasi cha kugusa pande zote mbili. Nawaheshimu sana kwa hilo. Wangeweza kukaa kimya na namba iliyokuwa ikipendwa.

Njia ninayoitumaini zaidi ilifunguliwa tarehe 17 Agosti 2017. Vifaa vya LIGO na Virgo vilinasa mawimbi ya uvutano, mitikisiko ya nafasi yenyewe, kutoka kwa nyota mbili za nyutroni (masalia mazito ya nyota zilizolipuka) zilizokuwa zikizungukana na kugongana. Sekunde 1.7 baadaye miali ya gama ikafika, na ndani ya saa chache darubini zikaipata nukta mpya ya mwanga kwenye galaksi ya NGC 4993, umbali wa miaka ya nuru milioni 130 hivi. Uzuri wake ni kwamba wimbi lenyewe linabeba umbali. Kupanda kwa mlio wa wimbi hilo kunasema nyota zilikuwa na uzito gani, uzito unasema wimbi lilianza na nguvu kiasi gani, na udhaifu lililofika nao unasema limetoka mbali kiasi gani. Hakuna sefeidi, hakuna supanova, hakuna vipago. Kwa tukio hilo moja jibu lilikuwa 70, na shaka ya 12 juu na 8 chini, yaani linawakumbatia wote wawili na halisemi lolote bado. Yanahitajika makumi ya matukio ya namna hiyo, yakiwa na nukta ya mwanga inayoonekana, ili shaka ishuke kufikia kiwango cha kuamua. Yanakuja polepole kuliko tulivyotarajia mwaka ule.

Kwa ushahidi uliopo sasa naegemea kwamba 73 iko karibu zaidi na kasi halisi ya leo, na kwamba nahodha wa 67 ana mkondo ambao hajauona. Naegemea tu, sijaegemea kwa uzito wangu wote. Siku majitu mekundu yatakapopimwa kwenye galaksi zote 37, si kumi, na jibu likabaki chini ya 70, nitahamia upande wa pili na kuandika hivyo. Na milio ya nyota za nyutroni ikifika thelathini au arobaini na kutua kwenye 67, basi itabidi turudi kwenye ile grafu ya nyota 25 ya mwaka 1912 na kuuliza, kama Baade alivyouliza, ni vitu gani viwili tumekuwa tukiviita kimoja.